Katamarani ya umeme ya rimoti inapaa, inayumba au inachemka: tafuta chanzo kuanzia majini

Boti ya miguu miwili iliyofungwa vizuri hujitambulisha yenyewe. Omo, yaani mbele ya boti, imetulia, mkia wa maji unaorushwa na propela ni mwembamba na mrefu, sauti ya mota haipandi wala kushuka, na ukiitoa majini unakuta mota, kidhibiti (kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota) na betri zina uvuguvugu tu. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, kuna jambo limekwenda mrama, na mara nyingi pale unapoona dalili sipo ulipo ugonjwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu fedha nyingi hupotea hapa. Mota imechemka, mwenye boti ananunua mota kubwa zaidi. Kidhibiti kimeungua, ananunua chenye ampea nyingi zaidi. Kisha boti inarudi majini na kuchemka vilevile. Ampea huagizwa na maji: bodi (kiwiliwili cha boti) linaloburuza tumbo, propela butu, shafti inayokwaruza kwenye bomba lake, vyote hulipiwa na betri, na malipo hayo hutoka kama joto. Ndiyo maana tunaanza shetri, yaani nyuma ya boti, chini kabisa, kisha tunapanda kidogo kidogo kuelekea kwenye nyaya.

Mwongozo huu unahusu boti ya mota moja, yenye propela ya majani mawili inayofanya kazi nusu ndani ya maji na nusu hewani, na shafti ya waya uliosukwa inayopita ndani ya bomba.

Kwanza rudisha boti kwenye vipimo vya kuanzia

Huwezi kutafuta hitilafu kwenye boti ambayo hujui imefungwaje. Iweke juu ya kipande cha kioo au meza iliyonyooka kabisa, betri zikiwa ndani. Kitovu cha uzito kwenye katamarani huwa kati ya asilimia 28 na 32 ya urefu wa bodi, ukipima kutoka ukuta wa shetri. Kwa boti ya sentimita 80, asilimia 30 ni sentimita 24. Strati, yaani kile kishikilio cha chuma kinachobeba mwisho wa shafti, iwe sambamba na meza, na shafti iwe karibu usawa mmoja na sehemu ya chini kabisa ya miguu. Usukani usimame wima na usichezecheze.

Upande wa umeme, zidisha volti za betri kwa namba ya kV ya mota, yaani mizunguko yake kwa dakika kwa kila volti moja. Jibu likiwa kati ya mizunguko 25,000 na 35,000 kwa dakika uko mahali salama pa kuanzia. Betri ya seli 4 (volti 14.8) na mota ya kV 2,000 ni mizunguko 29,600. Seli 6 (volti 22.2) na kV 1,400 ni 31,080. Kwa bodi la sentimita 70 hadi 80, propela ya milimita 40 hadi 42 ni mwanzo mzuri.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu kila unapotoa boti majini, ukiandika. Strati ikipanda milimita 1, boti inakuwa nyingine. Ukisogeza na betri papo hapo, hutajua kipi kimesaidia.

Omo inapaa, boti inapinduka kinyumenyume

Hii ndiyo ajali inayojulikana zaidi kwenye katamarani, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo inayoipa kasi. Kati ya miguu miwili kuna mfereji wa hewa. Hewa inayoingia humo huinua boti, maji yanayoigusa yanapungua, na kasi inaongezeka. Lakini nguvu ya kuinua hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, hewa inasukuma mara nne. Omo ikishainuka kidogo, tumbo la mfereji linaikabili hewa zaidi, omo inainuka tena, na hapo hakuna kidole kinachowahi kuachia gasi.

Sogeza betri mbele milimita 5, jaribu, kisha 5 nyingine. Ikiwa kitovu cha uzito kimefika asilimia 33 na bado inapaa, angalia strati. Ncha yake ya nyuma ikiwa imeelekea juu, msukumo wa propela unaibonyeza shetri chini na kuinua omo. Ishushe ncha hiyo kidogo sana, nusu nyuzi tu, ili msukumo uinue shetri na kuikandamiza omo. Unaweza pia kuishusha strati nzima milimita 1, kwa sababu propela inayozama zaidi huinua shetri. Usizidishe. Omo iliyokandamizwa mno hufanya miguu ilale majini kwa urefu wote, na hapo utaanza kuona joto ambalo hukuwa nalo.

Tazama pia upepo. Boti inayokwenda kilomita 70 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 inakutana na hewa ya kilomita 90, ingawa majini kasi haijabadilika. Boti iliyotulia asubuhi bila upepo inaweza kupaa alasiri bila wewe kugusa kitu. Siku hiyo punguza gasi unapoelekea upepo utokako. Kuifunga boti upya hakusaidii.

Inachupachupa, omo juu, omo chini

Watu huichanganya dalili hii na ile ya juu, lakini mwendo wake ni tofauti. Hapa omo inadunda kwa mpigo wa kujirudia, hata kwenye maji shwari na hata kwa gasi ya nusu. Uzito uliorudi nyuma mno unaweza kuileta, na strati iliyoelekea juu pia. Lakini ikiwa vyote viwili viko sawa na bado inadunda, geuza boti chali uchukue rula ya chuma.

Laza rula kwenye sehemu ya chini ya kila mguu, ile inayokanyaga maji, hasa sentimita 15 za mwisho kuelekea shetri. Itazame dhidi ya mwanga. Rula ikibembea katikati, uso umevimba. Maji yanayopita juu ya uvimbe huvuta shetri chini, omo inainuka, uzito unairudisha, na mchezo unaanza upya. Ukiona mwanga katikati na ncha mbili zinagusa, uso umebonyea kama upinde. Huo huinua shetri, hukandamiza omo na kula kasi. Mabodi mengi ya faiba yaliyotolewa kwenye kalibu yana kasoro mojawapo kwa kiasi fulani, hata yale mapya.

Tiba ni kazi ya mikono. Jaza mabonde kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia, iache ikauke kabisa, kisha piga msasa uliogandishwa kwenye ubao mgumu ulionyooka. Msasa ulioshikwa kwa vidole hufuata mabonde yale yale. Maliza kwa kuhakikisha ukingo wa nyuma wa kila mguu ni mkali, pembe kamili bila mviringo. Maji yanapofika ukingoni yanatakiwa kuachana na bodi mara moja; ukingo wa mviringo huyakunja yapande kwenye ukuta wa shetri, nayo huivuta boti chini. Hakuna marekebisho ya gharama ndogo yanayoongeza kasi na kupunguza joto kwa pamoja kuliko kunoa ukingo huu, na ndiyo kazi inayorukwa zaidi.

Inayumba mguu kwa mguu

Boti inakanyaga kushoto, kulia, kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi hadi inajipindua au unaachia gasi. Shika strati kwa vidole uitikise. Ikicheza hata kidogo, umepata mkosaji. Kaza skrubu na uangalie kama ukuta wa shetri umelegea au una ufa. Ukuta mwembamba wa faiba hujipinda mota inapovuta, na strati hujipinda nao, kwa hiyo bandika kibao cha plaiwudi au sahani ya kaboni kwa ndani.

Strati ikiwa imara, rudi kwenye kioo. Miguu yote miwili iguse kwa pamoja. Kona moja ikiinuka, bodi limesokoteka, na kila mguu unakanyaga maji kwa pembe yake.

Kisha propela. Ikiwa chini mno huinua shetri kupita kiasi, miguu inapoteza mahali pa kukanyaga nyuma, na boti inabaki ikicheza juu ya propela peke yake. Pandisha strati milimita 1. Kumbuka pia kwamba mzunguko wa propela hulipizwa kwenye bodi: ikizunguka kama mishale ya saa, ukiitazama kutoka nyuma, mguu wa kushoto hukandamizwa, ikizunguka kinyume, wa kulia. Sogeza betri kidogo upande wa pili kusawazisha.

Inavuta upande mmoja, au inateleza kwenye kona

Propela inayozunguka kama mishale ya saa huvuta shetri kulia, hivyo omo inakwenda kushoto. Ya kinyume hufanya kinyume. Hiyo ni tabia ya kawaida na huondolewa kwa kuurekebisha usukani kutoka kwenye rimoti. Ikibidi usukani ukae umepinda hadi jicho linaona, elekeza strati yenyewe kidogo pembeni, kwa sababu usukani uliopinda muda wote ni breki.

Kwenye kona, pezi lililofungwa pembeni mwa mguu wa kulia ni la kukata kulia, upande ambao boti hizi hushindania. Boti yenye pezi moja upande huo si ya kukatishwa kushoto kwa kasi. Ikiteleza hata ukikata kulia, noa ukingo wa mbele wa pezi na uhakikishe liko sambamba na mwendo wa boti. Omo ikizama kila unapokata, huenda usukani hauko wima.

Mota inalia kwa nguvu, boti haiendi

Zima, chomoa betri, ndipo uguse propela. Propela iliyonolewa ni kisu, na mota za umeme hazitoi onyo.

Shika propela, jaribu kuizungusha huku umeshika kapla ya mota, kile kiungo cha mota na shafti. Ikizunguka peke yake, skrubu ya kishikio cha propela imelegea au shafti imeteleza ndani ya kapla. Futa grisi yote kwenye kapla kabla ya kukaza. Shafti yenye grisi haishikiki hata ukikaza namna gani. Ikiwa vyote vimeshika, angalia mota inazunguka upande gani. Shafti ya waya uliosukwa imetengenezwa kwa upande mmoja, ambao ukizungushwa nyuzi za nje hujikaza. Ukiizungusha kinyume hujifumua ndani ya bomba na kukatika. Kubadilisha upande wa mota ni rahisi: badilishana waya wowote wawili kati ya ile mitatu.

Ikiwa hakuna kilichoteleza na boti inabaki ikivuruga maji bila kuondoka, propela inakamata hewa badala ya maji. Ama iko juu mno, ama ni butu. Propela nyingi za chuma huuzwa bila kunolewa. Noa ukingo wa mbele wa kila jani kwa upande wa mgongo wake, ule unaotazama omo, na usiguse ukingo wa nyuma. Kisha iweke kwenye kipimo cha usawa, upunguze mgongo wa jani zito hadi propela isimame popote unapoiacha. Ikiwa ni ya shaba yenye beriliamu, piga msasa ndani ya maji na uvae barakoa. Vumbi la beriliamu likivutwa huharibu mapafu, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Kila kitu kinachemka

Sasa ndipo tunafika kwenye umeme, na kama umefanya ya juu huenda dalili hii imeshaondoka. Gusa mara tu boti inapotoka majini, au tumia kipimajoto cha mwanga. Betri za lithiamu zisipite nyuzi 60 za Selsiasi. Mota nayo ibaki karibu na hapo. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, na mota iliyofikishwa hapo hairudi kuwa ile ya mwanzo.

Betri, mota na kidhibiti vikichemka vyote kwa pamoja, mzigo ni mkubwa. Zungusha propela kwa mkono: iende kwa wepesi. Ikikwaruza, chomoa shafti, ufute, uangalie mrija wa tefloni ndani ya bomba, upake grisi mpya. Hakikisha kuna nafasi ya milimita 3 hivi kati ya kishikio cha propela na mwisho wa strati. Shafti inayojikaza chini ya mzigo hufupika, na bila nafasi hiyo kishikio husaga strati kwa kila mzunguko.

Shafti ikiwa nyepesi, punguza propela. Watu hudharau milimita 2. Nguvu inayohitajika kuzungusha propela za umbo moja kwa mwendo ule ule hupanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo, hivyo kutoka milimita 40 kwenda 42 ni ongezeko la asilimia 28 hivi. Kuongeza mizunguko kwa asilimia 10 kunadai nguvu zaidi kwa asilimia 33. Anayebadilisha vyote viwili siku moja anaomba moshi.

Mota peke yake ikichemka, angalia maji ya kupoza. Tundu la kuingizia liko kwenye usukani na huzibwa na jani dogo tu. Sukuma maji kwa sirinji, uone yanatoka upande wa pili bila kukwama. Kama njia ni moja, napendelea maji yapite kwenye kidhibiti kwanza, ndipo yaende kwenye mota.

Kidhibiti peke yake kikichemka, tazama urefu wa nyaya za betri. Waya mrefu kati ya betri na kidhibiti huleta mapigo ya volti yanayochosha kapasita, na kapasita zilizovimba ni dalili ya kidhibiti kinachoelekea kufa. Kama ni lazima kurefusha, refusha nyaya tatu za mota na uache zile za betri zibaki fupi. Kinachochemka kikiwa plagi tu, lehemu yake ni mbovu. Irudie kwa chuma cha kulehemu chenye moto wa kutosha.

Betri peke yake ikichemka au ikivimba, imezeeka, au unaikamua kupita kiasi. Betri ya mAh 5,000 itumie hadi asilimia 80, yaani mAh 4,000. Kwa wastani wa ampea 60, hizo ni dakika 4. Weka saa kwenye rimoti. Betri iliyovimba haipandi tena botini.

Mota inatetemeka kuanza, au boti inakatika katikati ya maji

Mota inayotetemeka mbele na nyuma bila kuzunguka mara nyingi inakosa waya mmoja kati ya mitatu. Usiendelee kubonyeza gasi ukijaribu bahati; kidhibiti kinaweza kuungua hapo hapo. Vuta kila plagi, itikise, angalia lehemu.

Boti inayopoteza nguvu kidogo kidogo kisha kusimama, huku usukani bado unaitika, ni kidhibiti kimekata kwa sababu volti za seli zimeshuka hadi kiwango kilichowekwa. Kiwango cha volti 3.2 hadi 3.4 kwa seli kinafaa. Ikikata mapema ilhali betri imejaa, betri haiwezi mzigo ule, na volti zake huporomoka kila ukifungua gasi yote.

Maji ndani ya bodi

Matone machache hayaepukiki. Kikombe kizima ni hitilafu. Angalia mfuniko na tepu yake, kifuko cha mpira kwenye fimbo ya usukani, viungo vya mipira ya maji ya kupoza, na mahali bomba la shafti linapopenya bodi. Bomba lenyewe huziba kwa grisi, hivyo grisi ikiisha maji hupanda. Jaza omo na pembe za miguu kwa povu gumu la kuelea, kiasi cha kubeba uzito wa betri na mota hata bodi likijaa. Ukitoka kwenye maji ya chumvi suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, chomoa shafti, ifute na uipake grisi siku hiyo hiyo.

Boti haisikii rimoti

Mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti majini, na kaboni huyazuia. Antena ya risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, ikae juu ya usawa wa maji, na kama bodi ni la kaboni ipenye mfuniko kwenda nje kupitia kijiti cha plastiki. Usukani ukikatikakatika kila unapofungua gasi, chunguza umeme unaolisha risiva kabla ya kulaumu mawimbi: sevo ya usukani (mota ndogo inayougeuza) inayolazimisha mwisho wa mwendo wake hunyonya umeme wa risiva hadi risiva inajizima na kuwaka tena.

Mwisho, ikiwa imeshikwa imara nchi kavu na propela imetolewa, fungua gasi kidogo kisha zima rimoti. Mota isimame. Ikiendelea kuzunguka, risiva haijapangwa kurudisha gasi sifuri inapopoteza mawimbi, na boti hiyo haifai kuwekwa majini hadi hilo lirekebishwe.